Mlango Uliofungwa Usiofungika

Walimu wa Kiswahili tunapofundisha mnyambuliko wa vitenzi huupenda sana mzizi -fung-, kwa sababu hutuzalia watoto wengi bila taabu: funga, fungia, fungwa, fungika, fungana, fungamana, fungua. Tunawaandika ubaoni kwa mpangilio, wanafunzi wananakili, kisha somo linasonga mbele. Hata hivyo, swali moja hubaki palepale kila mwaka: ikiwa mlango umefungwa, je, haujafungika? Vitabu hujibu kwamba kiambishi -w- hudokeza mtenda hata asipotajwa, ilhali kiambishi -ik- huelekeza jicho kwenye hali ya kitu chenyewe. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni jibu la karatasi. Sisi tulilielewa kwa uzito wake jikoni, mbele ya jokofu ambalo mlango wake ulifungwa mara nyingi kila siku, na kwa majuma kadhaa haukufungika hata mara moja.

Tunaishi Bujumbura, upande wa chini wa mji, karibu na Ziwa Tanganyika, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30 na hewa ya msimu wa mvua hubeba unyevu mwingi. Katika nyumba kama yetu jokofu, ambalo mtaani wengi huliita frigo kwa kufuata Kifaransa, halihifadhi mabaki ya chakula tu. Katika rafu yake ya kati, ndani ya kikopo chenye kifuniko, hukaa chupa ndogo za insulini za mama yetu, aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi. Chupa ambazo hazijaanza kutumiwa hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Zikiganda zimeharibika, zikikaa katika joto kupita kiasi hupungua nguvu, na huenda macho yasione badiliko lolote. Mgonjwa atajidunga kipimo kilekile cha jana, sukari itapanda, na familia itaanza kutafuta kosa katika ugali na chai. Ndiyo maana dalili ndogo za jokofu hatukuzichukulia kuwa ndogo.

Dalili zilikuja kwa utaratibu. Kwanza maziwa yalianza kuchacha siku ya pili. Kisha tukaona mwili wa jokofu umeloa jasho kandokando ya mlango, hasa alfajiri. Barafu ikajitanda kwa unene upande wa mbele wa chumba cha kugandishia, karibu na ukingo wa mlango. Mota, ambayo kwa desturi hunguruma kwa muda kisha ikapumzika, sasa ilinguruma usiku kucha. Mwisho wa yote ikaja mita ya umeme wa kulipia kabla: kiasi kilichotutosha mwezi mzima kilikatika kabla ya siku 20. Mama, ambaye Kiswahili amekinyonya kwa mama yake huko Buyenzi na hakupata kufundishwa mnyambuliko darasani, alisimama mbele ya jokofu akasema, “Wanangu, mlango huu mnaufunga tu, haufungiki.”

Fundi wa kwanza tuliyemwita hakuutazama mlango. Aliweka sikio nyuma ya jokofu, akagusa mabomba, akatangaza kwamba gesi imekwisha na kompresa imechoka. Bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya bei ya jokofu jipya. Mama akamuuliza kwa upole, “Mwanangu, hiyo gesi iliyokwisha imekwenda wapi?” Swali lilikuwa la haki. Gesi ya jokofu hailiwi kama mafuta ya taa yanavyoliwa na utambi. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote, ikibeba joto kutoka ndani na kulitoa nje, na inaweza kuzunguka hivyo kwa miaka mingi bila kupungua. Ikipungua, haikuisha, bali imevuja. Na palipovuja lazima paonyeshwe na pazibwe kabla ya gesi nyingine kuingizwa. Tofauti ya kitenzi “kwisha” na kitenzi “kuvuja” ilikuwa tofauti ya fedha nyingi. Fundi hakuwa na mahali pa kutuonyesha. Tulimshukuru, tukamlipa nauli, tukaagana naye.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kutilia shaka hukumu ile. Jokofu lenye gesi pungufu hushindwa kutengeneza baridi ya kutosha. Letu lilikuwa likigandisha kwa wingi, tena pasipotakiwa. Baridi ilikuwapo; kilichokosekana ni kitu cha kuizuia isitoke, na cha kuzuia hewa ya nje isiingie. Hewa yenye unyevu ikipenya, maji yake hugandama juu ya mabomba ya baridi. Kila tone linalogeuka barafu huacha joto lake humo ndani, na barafu yenyewe ikinenepa huwa kama blanketi linalozuia baridi kukifikia chakula. Mota basi hufanya kazi bila kupumzika, umeme huliwa, na kompresa nzima huanza kuchoka kwa kosa la ukanda wa plastiki.

Ukanda huo ndio mpira wa mlango. Ukiukata na kuutazama kwa ubavu utaona ndani yake nafasi mbili. Moja ni tupu, nayo hujikunja na kujikunjua kama mvukuto wa mhunzi mlango unapokutana na mwili wa jokofu. Nyingine imebeba utepe mwembamba wa sumaku inayonyumbulika, uliotengenezwa kwa unga wenye asili ya chuma uliochanganywa na plastiki. Si majokofu yote yalikuwa hivyo. Zamani mlango ulibanwa kwa komeo la chuma lililofunguliwa kwa nje tu, na watoto waliojificha katika majokofu yaliyotupwa walikosa hewa wakafa. Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria iliyotaka majokofu ya nyumbani yaweze kufunguliwa kutoka ndani, na sumaku ikachukua nafasi ya komeo. Mwalimu wa sarufi hawezi kupita hapa bila kusimama. Komeo lilihitaji mkono uufunge mlango hadi mwisho. Kwa sumaku, mkono husukuma tu. Sehemu ndogo ya mwisho mlango huimaliza wenyewe. Yaani hufungwa na mtu, kisha hufungika kwa sumaku.

Mpira huzeeka kwa njia zinazojulikana. Joto na miaka huuondolea ulaini, ukawa mgumu na kupasuka penye pembe. Upande wa bawaba huburutwa kila mlango unapofunguliwa, mwisho ukajiviringa. Mafuta ya chakula na sukari ya vinywaji huingia katika mikunjo yake, yakaunata na kuuchana. Wakati mwingine hakuna ufa unaoonekana, lakini mpira umelala bapa na hauinuki tena kukutana na mwili wa jokofu.

Tulianza kwa kupima, maana jicho hupenda kuona linalolitaka. Tuliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, tukaiacha katika rafu ya kati usiku mzima. Maji hufaa kuliko hewa, kwa kuwa hayabadiliki ghafla mlango unapofunguliwa. Asubuhi kilisoma nyuzi 11. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote tulihamishia insulini kwenye jokofu la jirani, na chupa zote zilizokuwa humo tukampelekea mfamasia ili yeye ndiye aamue ipi itumike na ipi itupwe. Aliziweka kando mbili, akatupa nyingine badala yake.

Kipimo cha pili kilikuwa cha karatasi. Tulichukua noti ya faranga 500, tukaibana kati ya mpira na mwili wa jokofu, tukaufunga mlango, kisha tukaivuta polepole. Mpira mzima huing’ang’ania noti. Mkono husikia ukinzani. Tulizunguka mlango wote, tukipima kila baada ya upana wa kiganja. Upande wa juu noti ilishikwa. Upande wa mshikio ilishikwa. Upande wa bawaba, kuanzia katikati hadi pembe ya chini, noti ilitoka kana kwamba hakuna mlango. Usiku tulifanya kipimo cha tatu: tuliwasha tochi ndani ya jokofu, tukafunga mlango, tukazima taa za jikoni. Mstari mwembamba wa mwanga ulijitokeza palepale noti ilipoteleza.

Hata hapo hatukukimbilia kununua mpira. Mlango unaweza kushindwa kufungika kwa sababu zisizohusu mpira kabisa, na kila sababu inahitaji dawa yake. Chungu kilichotokeza mbele ya rafu huuzuia. Bawaba zilizolegea huufanya mlango uning’inie upande mmoja. Jokofu lililoinamia mbele huufanya ufunguke wenyewe; kwa hiyo miguu ya mbele hupaswa kuinuliwa kidogo kuliko ya nyuma, ili mlango ukiachwa urudi kwa uzito wake. Tulipanga upya vyombo, tukakaza skrubu za bawaba, tukaweka bakuli la maji juu ya jokofu kuona linainamia wapi. Yote yalikuwa sawa. Kisha tukausafisha mpira kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu, tukifunua kila mkunjo. Majokofu mengi hupona hapo. Mwisho tukaukanda upande uliolala kwa taulo lililokamuliwa kutoka maji ya moto, maana plastiki ikipata joto wakati mwingine huinuka tena. Ulinyanyuka kidogo, ukapoa, ukalala. Katika pembe ya chini palikuwa na mpasuko unaopitisha ncha ya kidole kidogo. Sasa tuliweza kusema bila kusitasita kwamba mpira ulihitaji kubadilishwa.

Kununua mpira kunahitaji maneno matatu yaliyo sahihi: urefu, upana na umbo. Urefu na upana hupimwa kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, na tofauti ya milimita chache yaweza kuuharibu ununuzi. Umbo ni namna mpira unavyoshikizwa mlangoni, na namna hizo ni kadhaa. Kuna mpira wenye ulimi unaosukumwa ndani ya mfuo uliozunguka mlango. Kuna unaobanwa na skrubu zilizofichwa chini ya mdomo wake. Na kuna uliogandishwa kwa gundi. Wetu ulikuwa wa skrubu. Tuliandika pia namba ya muundo iliyo kwenye kibandiko ndani ya jokofu, tukakata kipande kidogo pale palipopasuka, tukaenda nacho Buyenzi, ambako karakana zimekaa bega kwa bega. Mzee mmoja muuza vipuri alikitazama kipande kwa ubavu, akakilinganisha na mipira iliyoning’inia ukutani, akachagua mmoja. “Usiniambie jina la kampuni,” alisema, “nionyeshe umbo.” Bei yake ilikuwa ndogo kando ya ile ya fundi wa kwanza.

Mpira mpya huja umekunjwa, na mikunjo hiyo ikibaki utavuja siku ya kwanza. Tuliukunjua, tukaulaza juu ya mkeka safi juani kwa muda wa saa moja, tukiugeuza, mpaka ukanyoka. Kisha tukachomoa waya wa umeme, tukatoa chakula, tukaacha barafu yote iyeyuke yenyewe bila kuichokoa kwa kisu, kwa sababu bomba la baridi likitobolewa ndipo gesi itavuja kwelikweli.

Kazi ya skrubu ina siri moja. Katika majokofu mengi ya zamani skrubu zilezile zinazoubana mpira ndizo zinazolishikilia bamba la plastiki la ndani ya mlango. Ukizitoa zote kwa pamoja, bamba hulegea na mlango hujipinda, na mlango uliojipinda hauponywi na mpira mpya. Kwa hiyo tulizilegeza bila kuzitoa, tukianzia pembe ya juu. Tuliinua mdomo wa mpira wa zamani, tukaubandua, tukausafisha ukingo, tukaupachika mpya kwanza penye pembe zote nne, ndipo tukarudi katikati ya kila upande. Mmoja wetu aliushika mlango usitikisike, mwingine akakaza skrubu kidogokidogo kwa kupokezana pande, kama mtu akazavyo gurudumu la gari, ili upande mmoja usivutwe kuliko mwingine.

Tulipoufunga mlango, noti ilishikwa kila mahali isipokuwa pembe ya chini ya bawaba. Hilo ni la kawaida. Mpira mpya haujazoea mlango wake. Tulipaka vaselini kidogo upande wa bawaba ili mpira uteleze badala ya kuburutwa. Tukakanda ile pembe kwa taulo la moto, tukaivuta kwa vidole mpaka ikaugusa mwili wa jokofu, tukaufunga mlango na kuuacha hivyo usiku kucha. Asubuhi noti ilishikwa hata pale. Tukachomeka waya. Ilipofika asubuhi ya pili kipimajoto katika glasi ya maji kilisoma nyuzi 5, na mota ilikuwa imerudia desturi yake ya kunguruma na kupumzika. Tulingoja siku moja zaidi, tukapima tena, ndipo tukaenda kwa jirani kuzichukua chupa za mama.

Mtu akiyahesabu maneno tuliyoyahitaji katika kazi hii ataona kwamba karibu sura nzima ya mnyambuliko imepita mbele yake. Skrubu zililegea ni habari moja. Tulizilegeza ni nyingine, kwa kuwa katika ya kwanza tunatafuta kasoro na katika ya pili tunasimulia kazi. Mpira ulinyoka juani, lakini ukiwa na haraka utaunyosha kwa mkono. Kauli ya kutendua ilikuwa nasi muda wote: kunja na kunjua, bandika na bandua, chomeka na chomoa, ziba na zibua. Kauli ya kutendama tuliiona katika barafu iliyogandama. Na mpira mpya ulipokutana na mwili wa jokofu, vikashikamana: hakuna mmoja aliyemshika mwenzake, kila kimoja kimeshika na kimeshikwa. Viambishi hivi havikuwekwa katika lugha ili vitungiwe mitihani. Viliwekwa na watu waliohitaji kutofautisha kilichotendwa na kilichotokea, kwa sababu tofauti hiyo ilikuwa na gharama.

Mwalimu mtarajiwa atakayefundisha -w- na -ik- katika shule isiyo na kifaa chochote hahitaji jokofu. Kabati la darasa na kipande cha karatasi vyatosha. Mwanafunzi mmoja aubane ukingo wa karatasi mlangoni na kuufunga mlango. Mwingine aivute karatasi. Ikitoka bila ukinzani, darasa liseme: “Mlango umefungwa, lakini haujafungika.” Ikishikwa, waseme: “Mlango umefungwa, tena umefungika.” Kisha waulizwe sentensi ipi inamhusu mtu na ipi inauhusu mlango. Tulipolijaribu zoezi hili katika darasa letu, mwanafunzi mmoja wa nyuma aliinua mkono akaongeza mfano wake: “Mwalimu, barua imesomwa na haijasomeka.” Wenzake walicheka, wakadhani amekosea. Tulimwomba aeleze. Alisema kuwa baba yake aliwahi kupokea barua yenye mwandiko mbaya. Aliisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakupata neno. Darasa likanyamaza, kisha kila mmoja akaanza kutafuta kitenzi chake.